Dawa Iliyopikwa Mara Mbili

Kule Namawala watu wamezoea kutobolewa vidole. Tangu enzi za bibi zao watafiti wa malaria wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba, wakitega mbu, wakichukua tone la damu hapa na jingine pale, hata wanakijiji wenyewe hutaniana kwamba mtoto wa Namawala ukimpa mkono wa salamu, yeye anakunyooshea kidole. Konsolata alizaliwa na kukulia humo, akaolewa humo humo na Amedeus, mkulima wa mpunga kama yeye, na sindano kwake haikuwa kitu. Alichokiogopa ni damu ya mtu mwingine.

Hofu hiyo hakuiokota njiani. Kaka yake, Fridolin, alizaliwa na ugonjwa ambao hospitalini wanauita hemofilia, damu kukataa kuganda. Akijikwaa tu, goti linavimba kama boga. Aking'oka jino, anashinda na kulala akitema damu. Wanawake wa ukoo wao huubeba ugonjwa huo bila wao kuumwa, wakawarithisha watoto wao wa kiume. Wazee walisema ni mkosi, wakazunguka kwa waganga mpaka wakachoka, na mwishowe wakabaki na tiba moja tu iliyofanya kazi: Fridolin akianza kuvuja damu, ndugu wanakwenda Ifakara kumtolea ya kwao. Konsolata naye alitoa, angali msichana. Damu hizo zilimfikisha Fridolin utu uzima, kisha zikamuua. Katika chupa mojawapo kilipita kirusi cha ini, ambacho wakati ule kilikuwa hakipimwi. Alikufa tumbo limejaa maji na macho yamegeuka manjano, na daktari hakuwaficha. Aliwaambia kwamba ugonjwa uliingia na damu ya mmoja wa watu waliomwokoa. Ni nani huyo, haikujulikana. Miaka mingi Konsolata aliishi akijiuliza kama ni yeye, na hata alipopimwa akaambiwa hana kitu, swali lile lilikataa kumtoka.

Kisha akajifungua mtoto wa kiume, na mtoto akawa na ugonjwa ule ule. Nani atamlaumu kwa kuwa mtu wa wasiwasi?

Mtoto huyo aliitwa Anselim. Siku alipotahiriwa alivuja damu mpaka midomo ikawa myeupe, akakimbizwa Ifakara, na huko akaning'iniziwa mfuko wa plazma, yale maji ya manjano yanayobaki damu ikishachujwa wekundu wake. Mfuko ulikuwa umetoka kwa mtu wa bonde hili hili la Kilombero, ukagandishwa kwenye friji, ukayeyushwa. Konsolata alisimama pembeni ya kitanda, roho mkononi. Alimuuliza muuguzi damu hiyo imepimwa magonjwa gani. Muuguzi akamtajia manne. Konsolata akauliza, "Na wa tano?"

Muuguzi alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Katika bonde lenye mbu wa kila aina, mito inayofurika, na ng'ombe wanaoingia kila mwaka kutoka kanda ya Ziwa na homa zao, mama huyo alikuwa anajua kwamba ugonjwa wa tano upo, na kwamba siku moja utapewa jina, kama ule wa Fridolin ulivyopewa jina baada ya kumaliza kazi yake. Mtoto alipona. Lakini kila alipotundikiwa mfuko, mama yake alirudi nyumbani akimchunguza macho kama yameanza kubadilika rangi.

Hivyo ndivyo Anselim alivyokua, mfuko kwa mfuko, hofu kwa hofu. Magoti yaliharibika mapema. Alitembea akiyumba, mguu mmoja ukikataa kukunjuka, na kwa kuwa shamba lilikuwa halimfai alijifunza kutengeneza simu, akapata kibanda kidogo pale senta. Alikuwa mcheshi kupita kiasi. Wasichana walikuja na simu ambazo hazikuwa mbovu, ili wakae wamsikilize. Mama yake alimpigia simu mara kumi kwa siku kumwuliza kama amejigonga mahali.

Halafu ikaja ile dawa ya unga.

Ilikuja kama msaada kutoka nchi za nje, ikapitia Dar es Salaam, ikafika kwenye kliniki ya Ifakara katika vichupa vidogo vyenye unga mweupe. Msimamizi wake alikuwa muuguzi mmoja aitwaye Luciana, mwanamke mpole asiyekuwa na haraka, aliyekuwa tayari kuelezea jambo lile lile hata mara tatu. Aliwaketisha Konsolata na Anselim, akawaambia kwamba ndani ya kichupa kile kuna kile kitu ambacho damu ya Anselim imekikosa, kwamba watafundishwa kujidunga wenyewe nyumbani, na kwamba imetengenezwa kutoka kwenye plazma ya watu maelfu iliyomiminwa pamoja.

Konsolata alisimama. Watu maelfu! Kaka yake alikufa kwa chupa ya mtu mmoja.

Luciana alimvuta kwa upole akae tena. Akamweleza kwamba ndiyo maana kiwandani hawaridhiki na kupima tu. Magonjwa wanayoyajua wanayapima. Yale wasiyoyajua bado, ndiyo wanayoyafulia na kuyapikia. Plazma ile inaoshwa kwa dawa inayofanya kazi kama sabuni, inayovivua virusi koti lao la mafuta vikafa. Inachujwa kwenye vitundu vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Tena inapashwa moto.

"Hata kirusi ambacho hakijazaliwa?" Konsolata aliuliza. "Hata kile ambacho hakuna mtu anakijua?"

"Moto hauulizi jina, mama," Luciana akasema. "Ndiyo uzuri wake."

Na kwa sababu alikuwa mtu mkweli, akaongeza kwamba viko vichache visivyo na koti, vigumu zaidi kufa, ila navyo vinapunguzwa sana kwa kule kuchuja na kupasha. Alisema hivyo kwa nia njema. Angejua maneno hayo yatakwenda kukaa wapi, angeyameza.

Walifundishwa kuchanganya: unga na maji yake maalumu, kichupa kinaviringishwa taratibu kati ya viganja, hakitikiswi, kisha kinavutwa kwenye bomba la sindano. Vichupa vikae mahali pa baridi, nao wakaomba nafasi kwenye friji ya dukani. Konsolata alijifunza upesi kuliko mwanawe, na kwa miaka miwili nyumba ile ilijua raha. Goti likianza kuwasha kwa ndani, ile dalili ya damu kuanza kumwagika, Anselim anadungwa, na kesho yake yuko kibandani. Konsolata alilala usiku. Alinenepa kidogo, na Amedeus akamtania kwamba kumbe alioa mwanamke mzuri, ila tu alikuwa hajapata nafasi ya kumwona.

Raha hiyo ilivunjwa na mambo mawili yaliyokuja katika masika moja.

La kwanza lilikuwa la jirani. Nyamizi, mwanamke wa Kisukuma aliyehamia na mumewe pamoja na ng'ombe wao, alikuwa rafiki wa Konsolata wa kuombana chumvi na kusukana nywele. Masika yale ng'ombe wake walianza kutupa mimba, ndama wakafa. Bwana mifugo akaja, akakusanya watu, akawaambia kwamba kuna homa inayotoka kwa mnyama kwenda kwa binadamu, na kwamba kuanzia siku hiyo asinywe mtu maziwa mabichi. Nyamizi, ambaye alikuwa amezika mtoto mmoja huko nyuma, hakutaka kubahatisha. Aliyachemsha maziwa, akayaacha yapoe, akayachemsha tena. Alimwambia Konsolata kwamba mdudu anayevumilia moto wa kwanza, wa pili unamkuta amechoka. Konsolata alimwelewa sana, akaanza kufanya vivyo hivyo na yeye, hata kwa maji ya kunywa.

La pili lilikuja kwa redio. Huko nchi za mbali, mtangazaji alisema, kumezuka homa mpya, wataalamu bado wanaichunguza. Ilikuwa taarifa fupi, baadaye zikafuata salamu za wasikilizaji. Wengine wote nyumbani hawakuisikia hata. Konsolata aliacha kupepeta mchele. Nchi za mbali ndiko unga ule unakotoka. Watu maelfu, wamemiminwa pamoja, na ugonjwa ambao hata waliopika unga huo hawakuwa wakiujua. Na vile visivyo na koti, vigumu kufa!

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakwenda kumuuliza Luciana. Nauli haikuwa tatizo, na Luciana asingemcheka. Ukweli ni kwamba halikumjia hata wazo la kuuliza. Nani anaomba ruhusa ya kuchemsha? Tangu utoto wake kila mtaalamu aliyepita Namawala alihubiri jambo hilo hilo, chemsheni, chemsheni, na yeye ndiye aliyekuwa mfano wa kijiji kwa usafi. Tena Luciana mwenyewe ndiye aliyesema moto ndio uliofanya dawa iwe salama. Kuongeza usalama juu ya usalama, aliona, ni jambo ambalo mama yeyote mwenye akili angelifanya.

Basi siku goti la Anselim lilipowasha, Konsolata alichanganya dawa kama alivyofundishwa. Halafu, badala ya kuivuta kwenye bomba, alikitumbukiza kichupa kwenye sufuria ya maji aliyoyaepua jikoni yakiwa yameacha kutokota, yale ambayo ukitia kidole unakitoa mbio. Hakuwa na saa. Akasali rozari nzima, matendo ya uchungu, taratibu, bila kuruka hata Salamu Maria moja. Alipomaliza akakitoa, akakipoza kwenye maji ya mtungi.

Anselim alikuwa amekaa kizingitini akimwangalia. "Sasa maza umeamua kuipika kabisa," alisema. "Tia na nazi basi, tule na wali."

Alicheka, na mama yake akacheka. Anselim alipokiinua kichupa kwenye mwanga aliona kama kuna ukungu mdogo ndani, kama maji ya pili ya kuoshea mchele. Akauliza. Konsolata akasema ni ile hali ya joto. Anselim akanyoosha mkono, akadungwa, maana huyo ni mama yake, na tangu azaliwe hajamfanyia jambo lolote kwa ubaya.

Goti lilichelewa kupona. Lilivimba, likauma, akalala siku kadhaa asikanyage chini. Konsolata alijipa moyo kwamba safari hii damu ilikuwa imeshamwagika nyingi kabla ya sindano, na kwamba magoti yale yamechakaa. Alikuwa na sababu ya kila kitu. Mara ya pili ilikuwa kiwiko, nacho kikachukua muda. Alimwomba Mungu. Hakuwaza hata kidogo kwamba kosa lilikuwa kwenye sufuria, kwa sababu sufuria ndiyo ilikuwa sehemu pekee ya mambo yote aliyokuwa na uhakika nayo.

Mvua ziliendelea. Mwezi wa nne barabara ya Ifakara ilikuwa uji mtupu. Anselim alikuwa amekwenda mjini kufuata vioo vya simu, akarudi kwa bodaboda, na karibu na kijiji pikipiki ikateleza wakaanguka wote wawili. Dereva alichunika mkono. Anselim aligonga kichwa kwenye usukani, hakuchubuka popote. Akaingia nyumbani mchana ule ametapakaa matope, akisimulia jinsi dereva alivyoruka kama chura, na Amedeus akacheka mpaka akajishika mbavu.

Konsolata hakucheka. Luciana aliwafundisha kwamba kichwa si goti: akigonga kichwa, adungwe kwanza, dozi kubwa, halafu waende hospitali bila kusubiri kuumwa. Alikimbilia dukani, akavitoa vichupa vyote kwenye friji. Hakuruka hatua. Alichanganya, akavitumbukiza kwenye maji ya moto, akasali rozari, akapoza. Mwanawe alidungwa dawa yote waliyokuwa nayo.

Baada ya hapo walishauriana kuhusu kwenda Ifakara. Mvua ilikuwa imeanza tena, na watu waliotoka huko walisema kijito kimepanda juu ya barabara. Anselim alisema kichwa kinamgonga kidogo tu, tena ameshadungwa, wakamtese nani na matope yale? Amedeus akasema wangoje mvua ikatike, asubuhi watakwenda. Konsolata alimtazama mwanawe usoni, akaona yuko sawa. Akafikiri juu ya vichupa vyote vile, dozi kubwa, dawa safi kuliko ya hospitali yenyewe. Akakubali.

Dawa ile ndiyo iliyomfanya akubali. Angekuwa hana hata kichupa kimoja, angembeba mgongoni ndani ya mvua.

Jioni Anselim alitapika chakula, akasema atalala. Asubuhi hakuamka. Alikuwa anapumua, kwa sauti kama ya mtu anayekoroma, lakini jicho moja lilifunguka nusu likabaki hivyo. Walimpakia kwenye trekta la jirani, Konsolata amekipakata kichwa chake. Walikivuka kijito. Walipofika mwanzo wa mji, pale nyumba zinapoanza kusogeleana, alishusha pumzi ndefu, kisha hakuvuta nyingine. Dereva alisikia kelele nyuma yake, akazima injini, maana alijua hakuna tena la kuwahi.

Msibani Amedeus hakunyamaza. Kwa kawaida alikuwa mtu wa maneno, na uchungu ulimwongezea. Kila aliyekuja kumpa pole alimwambia kwamba mwanawe amechomwa dawa mfu. Walimdunga dozi nzima, alisema, kila kichupa, na haikufanya lolote. Hizo dawa za msaada ni zile zilizokwisha kuharibika huko kwao, ndizo wanazotuletea sisi. Watu walitikisa vichwa. Konsolata aliketi kwenye mkeka amejifunika khanga, na ndani ya khanga aliafiki. Aliamini hivyo kabisa. Aliona ule ugonjwa wa tano umemfuata tena, safari hii kwa kuja na dawa isiyo na nguvu, na hasira hiyo ilimsaidia kukaa wima.

Arobaini ilipopita alikwenda kliniki kurudisha mabomba ya sindano yaliyobaki, ambayo hakutaka kuyaona nyumbani. Luciana alimpokea kwa kumkumbatia, akamwingiza kwenye chumba cha ndani. Walilia kidogo. Kisha Luciana akamwomba amsamehe kwa kumkumbusha machungu, lakini anahitaji kujua dawa ilitunzwa wapi na ilichanganywaje, kwa sababu vichupa vya shehena ile ile wanatumia wagonjwa wengine nao wanapona. Na tena, alisema, kuna mama mmoja wa Lupiro, Sikitu, mwenye mtoto wa miaka sita. Habari za msibani zimemfikia. Amevirudisha vichupa vyote, amesema mwanawe hatachomwa dawa mfu, na mtoto sasa hivi kiwiko kimevimba.

Konsolata alieleza. Hakuwa na cha kuficha. Alieleza friji ya dukani walikovitunza, alieleza kuchanganya, alieleza kuviringisha viganjani. "Halafu nikaipasha kwenye maji ya moto," alisema, "kwa muda wa rozari moja. Kwa ajili ya hivyo vigumu kufa. Usafi niliuzidisha, sista, siwezi kusema nilipunguza."

Luciana aliweka kalamu chini. Konsolata, aliyezoea kuona nyuso za wahudumu wa hospitali, akaanza kuogopa.

"Kila mara?" Luciana aliuliza.

"Tangu mvua zilipoanza. Mara zote."

Luciana alijaribu kuanza mara mbili. Alisema kwamba kiwandani wanaipasha kwa kipimo, wakiwa wamekwisha kuitilia vitu vya kuikinga, na vifaa vinavyoangalia kila nyuzi ya joto. Alisema kwamba kile kitu kinachogandisha damu ni laini mno. Akaona mama yule anamtazama bila kuelewa, au anaelewa na hataki, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kama yai. Yai ukishalichemsha haliwezi tena kutotoa, hata ukimrudishia kuku.

"Kwa hiyo nilimchoma maji."

Luciana alisogeza kiti chake karibu.

"Na kabla sijaipasha? Ilikuwaje?"

Hapo Luciana angeweza kudanganya. Angeweza kusema kwamba hakuna ajuaye, kwamba dawa hizi wakati mwingine hukataa, na wengi wangemshukuru kwa uongo huo. Lakini kulikuwa na mtoto wa Lupiro mwenye kiwiko kilichovimba.

"Ilikuwa salama, mama," alisema. "Ilikuwa safi tangu ilipofika mikononi mwako."

Alianza kulia yeye, Luciana, akisema kosa ni lake, ni maneno yake yaliyomponza, angemwambia asiipashe. Konsolata alimsikia kwa mbali. Alifikiri juu ya Fridolin, aliyeuawa na kitu kilichokuwemo ndani ya damu. Mwanawe hakuwa na kitu chochote ndani ya damu yake. Hakuwa na hata hicho kimoja alichokihitaji, kwa sababu mama yake alikuwa amekaa jikoni akikiua, huku akiwasihi watakatifu wote wamsaidie.  Aliaga, akatoka.

Amedeus alikuwa akimngoja nje chini ya kibaraza na baiskeli. Konsolata alimwambia pale pale, kwa maneno machache, kwa sababu alijua akifika nyumbani hataweza. Mumewe alimsikiliza akiwa ameishika baiskeli. Alipoelewa, mdomo ule uliozunguka kijiji kizima ukiilaumu dawa ukabaki wazi bila neno.  Kisha akasogea karibu, akamwambia kwa upole ambao hajawahi kuwa nao:

"Tuyaache hapa hapa, mama Anselim. Mtu asijue."

Alikuwa anamhurumia. Alikuwa tayari kuubeba uongo huo mpaka kaburini ili mkewe aweze kupita njiani bila kunyooshewa vidole. Konsolata aliiona huruma hiyo, na ilimwuma kuliko kama angempiga. Akamwuliza magari ya Lupiro yanasimama wapi.

Alivuka daraja la mto akiwa amekaa dirishani, haoni mto wala mashamba. Lupiro alielekezwa kwa Sikitu na vijana wa bodaboda. Alimkuta mama mwenyewe uani, bado msichana wa kumfaa kuwa mkwe wake, akigeuza mpunga juani kwa miguu. Mtoto wake, Theodori, alikuwa ameketi kwenye mkeka, mkono umefungwa kwa kitambaa, ameukunja kifuani kama anavyokunja mkono mtu mwenye kiwiko kilichojaa damu. Konsolata alikuwa anaujua mkao huo. Alikuwa ameutazama kwa zaidi ya miaka ishirini.

"Shikamoo, mama," Sikitu alisema, akamletea kigoda.

Konsolata aliitikia, akaketi, akajitaja. Sikitu alijua mara moja ni nani. Alipiga magoti kumpa pole, akasema wamesikia yote huku, na kwamba yeye amemshukuru sana baba Anselim kwa kuwafumbua macho, maana bila maneno yake angeendelea kumdunga mtoto vitu visivyofaa. Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Konsolata alimwacha amalize.

"Dawa haikuwa mfu," alisema. "Ilikuwa nzima. Kamchukulie mtoto leo, usingoje kesho."

Sikitu alisimama polepole. "Lakini mlimdunga yote, akafa."

"Niliipika kwanza. Niliogopa ugonjwa ulio ndani yake, nikaitia kwenye maji ya moto. Haikuwa na ugonjwa wowote."

"Nani alikuambia uipike?"

"Hakuna."

Sikitu alimtazama, akamtazama mtoto, akamtazama tena mgeni. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa anatafuta kuelewa tu, na swali lilimtoka kabla hajalipima.

"Kwa hiyo ni wewe, mama?"

"Ni mimi."

Kuku walikuwa wameingia kwenye mpunga, na hakuna aliyewafukuza. Sikitu aliinama, akamwinua Theodori kutoka kwenye mkeka kwa uangalifu, asimguse kiwiko, akamhamishia upande wa pili wa uani, kule ambako kigoda cha mgeni hakikuelekea. Akamwambia avae viatu, wanakwenda Ifakara. Konsolata alisema ahsante. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Sikitu aliingia ndani, akatoka na kikombe. Hakumkabidhi mkononi. Alikiweka chini, hatua chache kutoka kwenye kigoda, akarudi nyuma. Konsolata aliinama, akakiokota, akayanywa maji yote.